Dawa Iliyochoka

Siki haikai nyumbani kwangu. Achari naitia ndimu, kachumbari naitia ndimu, na mgeni akiuliza namwambia tumbo langu haliitaki. Uongo mtupu. Juzi wifi yangu, aliyekuja kunisaidia kupika, alitoa chupa ya siki kwenye mkoba wake akaifungua, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshampokonya na kuivurumisha uani. Ikapasukia ukutani. Wifi akarudi nyuma mpaka kwenye jokofu, mkono kifuani.

"Siki tu hiyo, dada," akasema.

Ni kweli, siki tu. Nilimwomba radhi, nikafagia vigae, nikasingizia uchovu. Lakini ngumi zangu hazikufunguka mpaka magharibi. Kwangu mimi harufu ile si ya chakula. Ni harufu ya giza la chini ya ngazi, mama akisoma kwa sauti, na nje mwanamume anavunja mlango. Wenzangu mliokulia katika nyumba ambazo watoto walijifunza kutambua hatua za mtu kabla hajabisha hodi, nadhani hamtanishangaa.

Mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa mpiga picha wa harusi za wanawake. Mnazijua harusi zetu: mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele zinaachiwa, dhahabu zinatoka, na mwanamume haingii hata kama jengo linaungua. Sasa picha zikishapigwa, nani angezipeleka dukani? Nani angemkabidhi kijana wa studio filamu yenye mke wa mtu akicheza na kanga kiunoni? Kwa hiyo mama alizisafisha mwenyewe nyumbani kwetu, mtaa wa Kajificheni, katika kistoo kisicho na dirisha chini ya ngazi. Kajificheni ni jina ambalo lingenichekesha, kama yaliyotukuta pale yangekuwa ya kuchekesha. Baba alikuwa Pemba kikazi, tukimwona kwa nadra, na nyumba ilikuwa yetu sisi wanawake.

Kusafisha picha: ndivyo tulivyosema sote, na hakuna aliyenieleza kwamba hakuna uchafu unaoondoka. Niliona mama akiingia na filamu kistooni, nikasikia maji, nikanusa dawa, na akitoka watu wametokea, wameoga, wanang'ara. Nikaamini kwamba kila kitu kibaya kikipita mikononi mwa mama kinasafika. Hilo neno moja lilikuja kunitesa kuliko kipigo chochote nilichowahi kupigwa.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza mama aliiita dawa ya kutoa, kwa sababu ndiyo iliyowatoa watu kwenye filamu. Ya pili ni dawa ya kushika, iliyowashika wasiondoke tena. Katikati yake palikuwa na siki ya jikoni iliyotiwa maji, ya kuizuia ya kwanza isiendelee. Na dawa hizi, jamani, zilikuwa na umri kama watu. Kila filamu iliyopita ndani yake ilizipunguza nguvu, na hewa nayo iliziua taratibu. Mama alizilinda kama mgonjwa. Akishasafisha filamu moja alifunga uzi mmoja kwenye shingo ya chupa, na nyuzi zikapanda taratibu kutoka mabegani mwa chupa kwenda juu. Zikifika mdomoni, dawa imechoka, inasubiri kumwagwa. Dawa ikipungua, alitumbukiza gololi ndani ya chupa mpaka ikapanda tena, isibaki nafasi ya hewa. Gololi zenyewe zangu. Sikuwahi kurudishiwa hata moja.

"Dawa haikwambii kama imechoka," alikuwa akisema huku akifunga uzi. "Inakaa kwenye chupa yake kimya, kama kawaida. Utajua siku unayoihitaji."

Akiwa na shaka, alikata kipande cha ile ncha ya filamu inayochomoza nje, aliyoiita ulimi, akautia kwenye kikombe cha dawa mbele ya dirisha. Ulimi ukiwa mweusi tii, dawa ni hai. Ukibaki ulivyokuwa, imekufa. Basi mimi msimu wa zambarau nilikuwa nasimama mbele ya kioo, nimekula mpaka nimekinai, natoa ulimi mweusi na kujisifu kwamba mimi mzima kuliko watoto wote wa mtaa.

Mdogo wake mama, Mamdogo Rukia, alikuwa ameolewa na Masoud, mwenye duka la mabomba na vifaa vya maji Mlandege. Masoud alikuwa mtu wa watu. Akisoma maulidi, wazee walifumba macho. Akija kwetu alikuja na halua ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, akanikalisha gotini na kunipa ya kwanza. Nilimpenda, na ninaliandika hili meno yameumana. Halua ilikuja kila Mamdogo alipoanguka ngazini. Akianguka leo, kesho kutwa halua. Mimi nilidhani ni sadaka, mtu anamshukuru Mungu kwamba mkewe hakufa.

Zilikuwa siku za vunja jungu, mwezi wa mfungo unanukia, mji mzima unapika na kwenda mashamba kula. Mamdogo Rukia alikuja kwetu asubuhi amejifunika buibui mpaka machoni, anatembea kama aliyebebeshwa mtungi uliojaa. Mama alimtazama mara moja tu, akatia komeo mlangoni.

"Ngazi tena?"

"Ngazi," akajibu Mamdogo, na akakaa sakafuni pale pale ukumbini.

Mama alilikata gauni lake kwa mkasi kwa sababu lilikuwa limegandana na mgongo. Nilisimama nyuma ya kiti na hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Mkanda ulikuwa umepita kote, huku na huku, mistari mipana iliyovimba, mingine imepasuka. Na Masoud alipochoka na ngozi ya mkanda aliugeuza akapiga kwa bizimu, kile chuma cha kufungia. Chini ya bega la kushoto bizimu lilikuwa limeingia nyamani likaacha sura yake kamili, pembe nne na ule mchomo wake katikati, kama muhuri. Kosa lilikuwa pilau ya vunja jungu. Ilishika chini, na Masoud alikuwa na wageni.

Mama hakulia. Alikanda mgongo kwa maji ya vuguvugu, na taya lake lilikuwa likienda kama anayetafuna.

"Safari hii twende kwa kadhi."

"Nshakwenda, dada. Unasahau? Alama zilikuwa zishapoa, Masoud akaweka mkono kifuani akasema ngazi, na mie n'kaonekana mwongo. Majirani wote ati hawakusikia. Na sasa shauri litawekwa baada ya mfungo. Mpaka Idi ishe, n'takuwa n'na nini cha kuonyesha?" Akacheka, cheko baya. "Ngozi yangu inapona upesi. Ndiyo balaa yangu."

"Hospitali?"

"Watataka karatasi ya polisi, na polisi siendi mie. Maneno ya ndani mwangu yakasomwe kaunta?"

Mama akaendelea kuusuuza mgongo. Kisha akainuka, akafungua dirisha la upande wa jua, akaleta kamera.

"Mgongo wangu?" Mamdogo alishtuka. "Uonwe na wanaume?"

"Kwa kadhi kuna mama mtu mzima anayetazama mambo ya wanawake. Ataiona yeye, basi. Nitazisafisha kesho mwenyewe, kwa mikono yangu."

Nikafarijika. Nitazisafisha kesho. Niliyasikia kwa masikio yangu, na nikaelewa nilivyoelewa: kesho mama ataingia na ule mgongo chini ya ngazi, na utatoka umesafika. Mamdogo alijifunika kichwa vizuri kwa kanga, hata unywele haukuonekana, akaupa mgongo mwanga. Kamera ikalia. Kila ilipolia, mabega yake yaliruka.

Jioni nilimpelekea zambarau kwenye sahani. Nikamwambia atoe ulimi. Alinitazama, akautoa. Ulikuwa mweupe, na ubavuni umechanika alipojing'ata.

"Umechoka," nikamwambia kwa huzuni ya daktari.

"Nshachoka zamani, mwanangu."

"Kula hizi basi. Ukiwa mweusi utakuwa hai."

Alikula zote. Sijui kama alizitamani au alinihurumia.

Masoud alikuja asubuhi yake na halua. Alipiga hodi kwa sauti yake ya maulidi, mama akafungua kidogo, naye akasukuma akaingia. Mwanzo alikuwa mpole. Shemeji, nimemfuata mke wangu. Shemeji, ugomvi wa nyumbani hauna mshindi. Halafu akaona kamera juu ya meza karibu na dirisha, na lile gauni lililokatwa likiwa bado kapuni, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Mumempiga picha mke wangu?"

Alimpiga mama kofi la nyuma ya mkono, kikapu cha halua bado kimening'inia kwenye kiwiko cha mkono mwengine, na mama akagonga kabati. Sijawahi kusikia sauti kama ile, ya kichwa cha mama yangu na mbao. Masoud akaifungua kamera, akaivuta filamu yote nje kama anayetoa utumbo wa samaki, akaitupa juani. Hakujua kwamba mama alikuwa ameshaitoa ile ya Mamdogo na kuizika ndani ya pipa la mchele. Ile aliyoiharibu ilikuwa ya harusi ya watu. Kisha akaingia kistooni. Aliipiga teke rafu yote. Chupa za dawa mpya, zilizochanganywa wiki ile, hazijafungwa hata uzi mmoja, zilipasuka zote, na siki nayo, na harufu ikatoka kama pumzi ya mnyama. Alimkamata Mamdogo kwa nywele kupitia mtandio na kumburura mpaka mlangoni. Mimi nilimng'ata mguu. Ladha ya suruali yake ninayo mpaka leo. Alinirusha kwa teke nikaenda kuangukia juu ya vigae vya chupa, na kovu la kiwiko hiki nililipata pale.

Mpita njia akasimama nje. "Hodi! Salama humo?"

Masoud akamwachia Mamdogo. Akaweka kofia yake sawa. "Salama, ndugu yangu, mambo ya nyumbani tu." Kisha akatugeukia, kwa sauti ya chini: "Nakwenda kufungua duka. Baada ya adhuhuri n'takuja kumchukua mke wangu. Mlango n'ukute wazi." Kikapu cha halua alikiweka juu ya meza, taratibu, asikipindue.

Basi ikawa hivyo: kabla ya adhuhuri filamu iwe imesafishwa, au haitasafishwa tena maisha. Akirudi atapekua mpaka pipa la mchele. Na dawa mpya ndiyo ile iliyokuwa ikitambaa sakafuni.

Mama alijifunga kanga kichwani kufunika uvimbe, akatoka mbio kwa Bwana Kanji, mzee wa duka la picha pale Mlandege, mimi mkononi mwake. Tulizunguka kwa nyuma ya Darajani tusipite mbele ya duka la mabomba. Bwana Kanji alipekua chini kabisa ya kabati akatoa pakiti moja ya dawa ya kutoa, akaipangusa vumbi.

"Bi Zuhura, mimi nakuuzia wewe hii kwa uso gani? Tarehe yake imekwisha zamani. Watu wanakwenda mashine za rangi sasa, mimi siagizi tena."

Akaipasua pembe tuone. Unga uliotakiwa kuwa mweupe ulikuwa wa kahawia, umeganda mabonge kama kahawa iliyolowa.

"Hii maiti," akasema mama, akageuka.

Nyumbani, kwenye kona ya kistoo, zilikuwa zimebaki chupa mbili za zamani ambazo teke halikuzifikia. Nyuzi zao zilikuwa zimefika mdomoni. Mama alikuwa ameziweka kando zimwagwe, hajapata wasaa tu. Ile ya dawa ya kutoa ilikuwa na gololi nyingi kuliko dawa. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akakata ulimi wa ile filamu iliyoharibiwa, akautia. Tukasimama sote watatu juu ya kikombe mbele ya dirisha.

Mama hakutumia saa kwenye kazi yake. Gizani saa haionekani, kwa hiyo alipima kwa kusoma sura. Alijua dawa mbichi inataka Kul-huwallahu ngapi, na akaanza kusoma. Zamani ulimi ulikuwa mweusi kabla sijachoka kusimama. Safari hii alisoma na kusoma, na ulimi umekaa chini ya kikombe umepauka. Mamdogo akashika ukingo wa meza. Ndipo ukaanza, rangi ya majivu, kisha ya moshi.

"Iko hai," mama akasema. "Imechoka, lakini hai. Tutaiomba kazi mara mbili."

Akakijaribu kipande kingine kwenye dawa ya kushika, ambayo kazi yake ni kukifanya kipande kiwe angavu kama kioo. Kilichelewa sana kuangaza, na hata kilipoangaza kilibaki na ukungu. Mama alikishika juani, akakunja uso.

"Hii mbaya zaidi. Itashika. Siahidi mpaka lini."

"Mpaka Idi tu, dada," akasema Mamdogo.

Dawa haikutosha kulijaza lile kopo lake la kazi, ikabidi filamu ipitishwe kwa mkono ndani ya bakuli, juu na chini, gizani kabisa. Mama alinichukua mimi niingie naye, nishikilie kanga iliyoziba chini ya mlango wa kistoo isisogee. Mamdogo alibaki nje. Mlango wetu wa mbele haukuwa wa misumari ya shaba kama ya matajiri, ulikuwa mbao kuukuu zilizoliwa na mchwa, na komeo lake lilikuwa kipande cha mti. Nilimsikia mama akimwambia, "Lolote litokee, usinifungulie mwanga." Na nilimwona Mamdogo, kabla giza halijafunga, akiokota mchi wa kinu.

Siki tuliyopata ilikuwa ya jikoni, kali, haikutiwa maji ya kutosha. Ilinikata macho. Nikasikia filamu ikipita bakulini, inateleza, inateleza, na mama anasoma. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya ile kanga, nikimwomba Mungu mgongo usafike vizuri.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Haukupita muda, mlango ukapigwa.

"Rukia! Fungua!"

Mama akasoma.

"N'taubomoa huu mlango! N'tauvunja, na wewe n'takuvunja!"

Akaanza. Alikuja na bomba la chuma la dukani kwake. Kila pigo lilipita kwenye mawe ya nyumba likaingia kifuani mwangu. Nilisikia ubao ukipasuka. Mama sauti yake ikapanda, lakini mikono haikuacha. Filamu ikateleza, ikateleza. Nikajua kwamba dawa iliyochoka haiharakishwi, na kwamba mama asingeikatisha hata paa likianguka. Nilimchukia. Nilitaka kupiga kelele atoke amsaidie mdogo wake. Nilijing'ata mkono badala yake.

Kisha bomba likanyamaza, na nikasikia Mamdogo akitwanga.

Naam, ndivyo nilivyofikiri. Mdundo ulikuwa ule ule wa alfajiri ya mpunga: tu, na pumzi, tu, na pumzi. Nikashangaa, Mamdogo anatwanga nini saa hizi? Ndipo ukaja ukelele wa mwanamume ambao sijausikia tena mfano wake. Masoud alikuwa amepenyeza mkono kwenye ubao uliovunjika akipapasa komeo, na Mamdogo alikuwa ameukuta.

"Utoe! Si uutoe!" Tu. "Pilau imeshika chini?" Tu. "Imeshika, Masoud?"

"Mkono wangu! Jamani, mkono wangu!"

"Ngazi hiyo!" Mamdogo alikuwa akipiga kelele kwa sauti nisiyoijua, sauti iliyokaa miaka ndani ya chupa. "Kawaambie ngazi! Umeanguka ngazini, Masoud!"

Mama alimaliza kusoma. Akaihamishia filamu kwenye siki, kisha kwenye dawa ya kushika, na hapo alisoma muda mrefu kuliko wote. Alipofungua mlango wa kistoo mwanga ulinipofua. Mamdogo alikuwa amekaa sakafuni, mchi mapajani, damu kwenye komeo na chini yake, na mgongo wake mwenyewe umepasuka upya na kulowesha gauni la mama alilovaa. Alikuwa akitweta mdomo wazi. Ulimi wake, kwa zile zambarau nilizompa asubuhi tena, ulikuwa mweusi tii.

Majirani wasiosikia kitu miaka yote, siku hiyo walisikia. Walimkuta Masoud kizingitini amejikunja, vidole vinaelekea kusiko. Wakamwuliza, bwana, imekuwaje? Akatazama mlango, akawatazama wanaume wenzake, na aibu ikamshinda maumivu.

"Nimeanguka ngazini," akasema.

Filamu ilipokauka mama alinionyesha dirishani. Mgongo ulikuwa mweusi na alama zake nyeupe, na mimi nikaruka kwa furaha: zimesafika! Mama hakunielewa. Lakini alipoihamishia picha kwenye karatasi kwa ile dawa iliyobaki, ambako cheupe cha filamu hurudi kuwa cheusi, picha ikatoka hafifu, polepole, na alama zikaja nyeusi zote, mstari kwa mstari, na bizimu chini ya bega. Nililia kwa ghadhabu nikampiga mama ngumi za mapajani. "Umezirudisha! Umesema utazisafisha, umezirudisha!" Alinishika mikono yote miwili akanikalisha chini, na alipoelewa ninachosema, ndipo kwa mara ya kwanza tangu jana yake akalia na yeye.

Baada ya Idi Masoud alikuja kwa kadhi mkono umo kwenye plasta. Aliapa tena, safari hii kwa mkono wa kushoto kifuani, na watu wakamnong'ona. Yule mama mtu mzima aliingia chumbani na bahasha, akakaa humo. Mama yangu alinisimulia kwamba alipotoka alikuwa ameirudisha picha ndani na kuibana kwapani, na hakumtazama Masoud hata kidogo. Alimwambia kadhi maneno matatu tu: "Huyu mwanamke harudi." Na hakurudi. Filamu yenyewe Mamdogo aliichoma jikoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa ulikuwa mwili wake. Ile karatasi moja mama aliomba abaki nayo.

Mama alifariki mwaka jana. Tulipofungua sanduku lake niliikuta bahasha ile chini ya kanga zake za harusi, na chini yake chupa moja ya gololi, nyuzi bado shingoni. Nilikaa kitandani kwanza nikajikaza, kwa sababu nilijua nitakachokiona. Nikaitoa.

Hapakuwa na kitu. Dawa ya kushika ilishindwa, kama mama alivyohofia. Karatasi yote ilikuwa imeingia rangi ya chai ya maziwa, na juu yake umbo la mwanamke aliyejifunika kichwa, mgongo wake laini, rangi moja, bila hata mstari. Nilishikwa na hasira. Niliona kana kwamba Masoud ameingia sandukuni akajifutia alama zake. Ushahidi wote wa dunia kwamba mambo yale yalitokea ulikuwa hapo, na sasa mtu yeyote angeweza kuweka mkono kifuani akasema ngazi.

Nikaipeleka Mbweni, anakokaa Mamdogo Rukia. Anauza vilemba na mashela ya harusi, amenenepa, anacheka na kila mtu. Nilimkuta anajitayarisha kwenda shughulini. Aliishika picha kwa mbali, kwa kuwa macho yameanza kumsumbua, akaigeuza huku na huku. Nilingoja alie.

"Lo!" akasema. "Nshapona mpaka kwenye picha!"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza. Nikamwambia si jambo la kuchekwa, kwamba mama alikaa gizani na kichwa kimevimba, kwamba ile ilikuwa picha pekee. Akanipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake kama vile bado nina umri wa kula zambarau.

"Mama'ko alisema itashika mpaka lini? Mie n'liomba mpaka Idi tu. Ilishika mpaka Idi. Wacha ikapumzike." Akanigeuzia mgongo. "Nisaidie vifungo, watanikuta bi harusi ashaingia."

Gauni lilikuwa limeachana mpaka kiunoni. Mistari ya mkanda haikuwapo, ngozi yake kweli ilipona upesi. Lakini chini ya bega la kushoto bizimu lilikuwa pale pale, pembe zake nne na mchomo wake katikati, dogo, jeupe, limetulia.

"Vipi, havifungi? N'menenepa, eh?"

"Vinafunga, Mamdogo," nikasema, na nikafunga kimoja kimoja mpaka cha juu kabisa.